Hita ya Maji Inapopiga Kelele: Sauti za Kusubiri na Sauti za Kuzima Umeme Papo Hapo

Utangulizi

Baridi ya Umatengo katika miezi ya Juni na Julai haihitaji kuelezwa kwa mtu aliyepata kuamka alfajiri Litembo, Maguu au Mbinga mjini. Kwa vizazi vingi maji ya kuoga yamepashwa kwa kuni, na kaya nyingi zingali zikifanya hivyo. Hata hivyo, tangu umeme wa gridi ya Taifa ulipofika Songea mwaka 2018, na kadiri nyaya zinavyosambazwa, hita ya umeme si chombo cha hoteli peke yake tena. Kandokando ya Ziwa Nyasa nako, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ambako hali ya hewa ni ya joto, nyumba za wageni huiweka kwa ajili ya wasafiri.

Hita hupiga kelele. Hugonga, hunguruma, hupiga mluzi, na mara nyingine hutoa mlio kama wa bisi zinazokaangwa. Baadhi ya watumiaji huingiwa na hofu na kubadilisha chombo kizima kisichokuwa na kasoro kubwa. Wengine huizoea kelele mpaka siku madhara yanapotokea. Somo hili limeandaliwa ili kuwaepusha na yote mawili. Tunataka kila msomaji, hata asiye fundi, aweze kutenganisha sauti inayoweza kusubiri na sauti inayomtaka azime umeme papo hapo.

Hita hufanyaje kazi

Hita ya kuhifadhi maji ni tangi la chuma lililovikwa kitu cha kuzuia joto lisipotee. Maji baridi huingia kwa chini, na maji ya moto hutoka kwa juu. Ndani yake mna koili, ambayo hupata moto umeme unapopita, na themostati, ambayo hukata umeme maji yanapofikia joto lililopangwa. Hita nyingi zina pia kikata joto, ambacho ni kinga ya pili iwapo themostati itashindwa kazi.

Kifaa cha nne ni kidogo kwa umbo lakini kikubwa kwa umuhimu: valvu ya usalama. Hufungwa kwenye bomba la maji baridi, karibu na hita, nayo ina tundu dogo la kutolea maji. Kazi yake inaeleweka tukikumbuka kwamba maji hutanuka yanapopata joto. Lita 50 za maji zikipashwa kutoka nyuzi 15 hadi nyuzi 65 za Selsiasi huongezeka kwa karibu lita moja. Pale ambapo bomba la kuingizia lina valvu isiyorudisha maji nyuma, lita hiyo haina pa kwenda. Shinikizo huongezeka mpaka valvu ya usalama inapofunguka na kudondosha maji kidogo kidogo. Matone hayo wakati hita inapasha ni dalili kwamba kinga inafanya kazi yake.

Zipo pia shawa za umeme zinazopasha maji papo kwa papo, bila tangi. Nyingi hutumia wati 5,500 hivi. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni ampea 24, ilhali soketi ya kawaida ya ukutani imetengenezwa kwa ampea 13. Hesabu hii tutairudia.

Maswali matatu kabla ya kumwita fundi

Kabla hujafungua kitu chochote, sikiliza na ujiulize maswali matatu.

Kwanza, sauti inatokea lini? Je, ni wakati hita inapasha, wakati bomba linapofungwa, wakati maji yanaporejea baada ya kukatika, au wakati wote?

Pili, inatoka wapi? Je, ni ndani ya tangi, ndani ya ukuta, kwenye bomba la kuogea, au kwenye swichi?

Tatu, inaambatana na nini? Je, kuna harufu ya kuungua, mvuke, maji yanayotokota bombani, au uniti za LUKU zinazokwisha upesi kuliko kawaida?

Andika majibu. Fundi anayeelezwa kwamba "inagonga mara tu ninapofunga bomba la jikoni" hufika kwenye kasoro upesi kuliko anayeambiwa tu kwamba "inapiga kelele". Nawe hutalipia muda wa kubahatisha.

Sauti zinazoweza kusubiri

1. Mlio wa bisi au wa changarawe ndani ya tangi, wakati wa kupasha. Sababu yake ni mashapo. Vijiji vingi vya milimani hupata maji ya mserereko kutoka kwenye chemchemi na vijito, na wakati wa masika maji hayo huweza kubeba tope. Kandokando ya ziwa, pampu inayovuta maji karibu na ufukwe huweza kuvuta mchanga. Tope na mchanga hutulia chini ya tangi. Maji yaliyonaswa chini yake, karibu na koili, huchemka yakiwa yamefunikwa, na mapovu ya mvuke hupasuka yakitafuta njia ya kupanda. Dawa yake ni kuosha tangi, kama tutakavyoeleza.

2. Mlio mwembamba kama wa birika linalokaribia kuchemka. Mara nyingi koili imeshika ukoko, kama chungu kilichoungulia. Maji yenye chokaa huacha ukoko mweupe mahali panapopata moto. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: tazama ndani ya birika lako. Ukiona utando mweupe mgumu, hali ya koili ni hiyo hiyo. Koili yenye ukoko hupitisha joto kwa shida, hupata moto kupita kiasi na hatimaye hukatika. Mwite fundi aisafishe au aibadilishe.

3. Kishindo kimoja au viwili ukutani, bomba linapofungwa kwa haraka. Maji yaliyokuwa yakienda kwa kasi yamesimamishwa ghafla, na nguvu yake imelipiga bomba. Funga bomba polepole. Mwambie fundi akaze vishikizo vya mabomba na akague washa zilizochakaa. Kishindo hiki kikiachwa miaka mingi, hulegeza viungo na kuleta uvujaji ndani ya ukuta.

4. Mlio wa "ti, ti, ti" darini au ukutani, maji ya moto yanapoanza kupita. Bomba linatanuka na kusugua mbao au zege. Hakuna hatari. Kipande cha mpira kati ya bomba na kishikizo huinyamazisha sauti hiyo.

5. Mluzi. Kwa kawaida mahali fulani njia ya maji imebanwa: koki haikufunguliwa yote, washa imelika, au matundu ya shawa yameziba. Fungua koki yote na usafishe shawa kwanza, kwani kazi hiyo haina gharama.

6. Mgugumio na kukohoa kwa bomba baada ya maji kurejea. Hewa imeingia. Fungua mabomba yote, ukianza na lililo chini kabisa, mpaka maji yatoke bila kukatika. Lakini hapa pana tahadhari kubwa: maji yanapokatika, zima hita. Usiiwashe tena mpaka uone maji yakitoka mfululizo kwenye bomba la maji ya moto. Koili inayowaka bila maji huungua kwa muda mfupi sana.

Sauti za kuzima umeme papo hapo

1. Mngurumo wa kuchemka usiokoma, ukiambatana na mvuke au maji yanayotokota kwenye bomba la moto. Themostati imeshindwa kukata umeme, na kikata joto nacho hakikufanya kazi. Zima hita kwenye swichi kuu. Usifungue bomba la moto, usiguse valvu, na usisimame karibu kuchungulia. Watoe watoto katika chumba hicho na uache chombo kipoe kwa saa kadhaa. Maji yaliyofungiwa yanaweza kupita kiwango cha kuchemka bila kugeuka mvuke, kwa sababu ya shinikizo. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kwa mara moja, na lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Hicho ndicho kinachobomoa kuta na kung'oa paa.

2. Mlio wa "zzz" au wa kupasuka-pasuka kwenye swichi, soketi au shawa yenyewe. Huo si mlio wa maji, bali ni wa umeme unaoruka mahali palipolegea. Turudi kwenye hesabu yetu: shawa ya ampea 24 ikiunganishwa kwenye waya mwembamba wa soketi za kawaida, waya hupata moto, plastiki yake hulainika na viungo hulegea. Swichi yenye joto, rangi ya kahawia au harufu ya kuungua ni onyo la moto wa nyumba. Zima kwenye swichi kuu, na usioge kwa shawa hiyo mpaka ipewe waya wake peke yake, mnene wa kutosha, na breka yake.

3. Mtetemo wa umeme mwilini, hata ukiwa mdogo, unapogusa bomba au maji. Hauna sauti, lakini tunauweka hapa kwa uzito wake. Umeme unavuja, na waya wa ethi, unaopaswa kuupeleka ardhini, ama haupo ama umekatika. Toka bafuni bila kugusa chuma, kisha zima swichi kuu. Kauli ya kwamba "shawa hizi zote huuma kidogo" isikubaliwe katika nyumba yoyote.

Mfano wa kujifunzia: tone lililozibwa

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini kila hatua yake yaweza kutokea.

Mama mwenye nyumba ya wageni ana hita sita. Moja inadondosha maji kwenye valvu ya usalama na kuchafua dari. Anamwita kijana anayejua kazi za bomba. Kijana anaangalia, anasema, "Mama, hapa ni kuziba tu," kisha anafunga tundu la valvu kwa kizibo cha chuma. Tone linakoma. Mama anamlipa na kumshukuru. Kwa wiki kadhaa hakuna tatizo. Kisha mgeni analalamika kwamba hita inanguruma usiku, na kwamba maji ni ya moto kupita kiasi.

Tuangalie kilichotokea. Themostati imeanza kugandamana, na hilo peke yake lingeweza kuvumilika, kwa kuwa valvu ingefunguka na kumwaga maji. Lakini mlango huo umefungwa kwa mkono wa binadamu. Hita imekuwa chungu kilichofunikwa kikafungwa kwa kamba, huku moto ukiendelea kuchochewa chini yake.

Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo haihusu tundu la valvu ya usalama. Tundu hilo halizibwi, halifungwi kwa mpira, wala haliwekewi koki. Kama maji yanadondoka wakati wa kupasha tu, chukua bomba dogo, liunganishe kwenye tundu na ulielekeze nje au kwenye mfereji wa bafuni, likiteremka na mdomo wake ukiwa wazi. Kama yanadondoka mchana na usiku, hata hita ikiwa imezimwa, basi ama valvu ina uchafu, ama imechoka, ama shinikizo la maji yanayoingia ni kubwa mno. Dawa ni valvu mpya au kifaa cha kupunguza shinikizo. Bei ya valvu ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya dari, na dari hailinganishwi na uhai wa mgeni aliyelala chini yake.

Kuosha tangi na kupanga joto

Mara moja kwa mwaka, ikiwezekana masika yanapokwisha na kabla ya baridi ya Juni, tangi lioshwe. Hatua zake ni hizi:

1. Zima hita kwenye swichi kuu na uiache ipoe, ikibidi usiku mzima.
2. Funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye hita.
3. Fungua bomba la moto lililo karibu ili hewa iingie.
4. Unganisha mpira kwenye tundu la kutolea maji lililo chini na umwage maji mahali salama.
5. Fungua koki ya maji baridi kwa vipindi vifupi, ili maji yachokore tope, mpaka yatoke yakiwa safi.
6. Funga tundu la kutolea, jaza tangi, na usubiri maji yatoke mfululizo kwenye bomba la moto.
7. Ndipo uwashe umeme.

Kazi ya kufungua koili au kifuniko chenye nyaya iachwe kwa fundi umeme. Mwombe pia aangalie ile fito ya magnesi iliyo ndani ya matangi mengi. Fito hiyo huliwa na kutu kwa niaba ya tangi. Ikiisha, kutu huanza kulila tangi lenyewe.

Kwa matumizi ya nyumbani, panga themostati kwenye nyuzi 60 hivi. Joto hilo linatosha kudhibiti vijidudu ndani ya tangi na hupunguza kelele pamoja na ukoko. Hata hivyo, maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache. Changanya na maji baridi kabla ya kumwogesha mtoto au mzee, na upime kwa kiwiko. Kuhusu gharama, kupasha lita 50 kutoka nyuzi 15 hadi 60 huhitaji takriban uniti 2.6 za umeme, sawa na saa moja na dakika 45 kwa hita ya wati 1,500. Ukiona hita hiyo ikiwaka kwa saa nne bila kukata, kuna kasoro, hata kama iko kimya.

Wenye hita za jua wazingatie jambo moja. Sauti ya kuchemka wakati wa jua kali inaweza kuwa ya kawaida, iwapo mvuke una njia ya kutokea kwenye bomba la kupumulia juu ya paa. Bomba hilo nalo lisizibwe kamwe. Na mirija ya kioo iliyokaa juani bila maji isijazwe maji baridi mchana, kwani huweza kupasuka. Ijaze alfajiri au jioni.

Joto lisilo na sauti

Yote tuliyoeleza yana dalili ya kusikika, kuonekana au kuhisiwa. Lakini hatari kubwa ya msimu wa baridi haina sauti wala harufu. Ni hewa ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye jiko la mkaa lililoingizwa chumbani ili kuleta joto. Mkaa uliokwisha kuwaka vizuri, usiotoa moshi, bado hutoa hewa hiyo. Aliyelala haamshwi nayo, bali hulala zaidi. Tunasisitiza: usilale na jiko la mkaa ndani, hata kama limefunikwa kwa majivu. Ota moto mahali penye hewa, kisha litoe jiko nje kabla ya kulala. Mtu akiumwa kichwa, akisikia kizunguzungu au kichefuchefu katika chumba chenye jiko, mtoe nje mara moja na umpeleke kwenye kituo cha afya.

Wanaopasha maji kwa pipa nao wasiweke juu ya moto pipa lililofungwa kizibo. Sababu ni ile ile ya valvu iliyozibwa: mvuke lazima uwe na mlango.

Haki zako na wajibu wako

Unaponunua hita, tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), soma wati na kiwango cha shinikizo kilichoandikwa, hakikisha valvu ya usalama imo ndani ya boksi, na udai risiti pamoja na hati ya dhamana. Bila risiti, madai yako ya kurudishiwa au kubadilishiwa bidhaa yenye kasoro hudhoofika. Ukiuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kushughulikia suala hilo.

Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya umeme inayotolewa na EWURA. Mwombe akuonyeshe. Fundi wa kweli hachukizwi na ombi hilo.

Kumbuka pia mpaka wa wajibu. Huduma hadi kwenye mita ya umeme au dira ya maji ni ya mtoa huduma, na kuanzia hapo hadi ndani ya nyumba ni yako. Kama tatizo ni umeme unaopanda na kushuka, au shinikizo la maji lisilo la kawaida, peleka malalamiko kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na utunze nakala. Usiporidhika, yapeleke EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo ili kukushauri na kukusaidia katika safari hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Valvu ya usalama ya hita yako iko wapi? Nenda ukaitazame leo. Je, tundu lake liko wazi?
2. Kila mtu mzima nyumbani kwako anajua swichi ya kuzima hita iliko?
3. Maji yakikatika usiku, ni nani atakayekumbuka kuzima hita?
4. Jiko la mkaa hukaa wapi familia yako inapokwenda kulala?

Ukiweza kuyajibu maswali haya manne bila kusita, somo hili limetimiza lengo lake. Kama umesita kwenye la kwanza, anzia hapo, kabla hujawasha hita kwa ajili ya maji ya jioni.